Kuusoma Uso wa Jengo: Juu ya Tarjuma za Maelezo ya Kijerumani kwa Kiingereza

Katika maandishi yote ambayo mfasiri huombwa kuyatia katika lugha nyingine, ni machache yaonekanayo mepesi kwa mbali na magumu kwa karibu kama maelezo ya uso wa jengo. Ndani yake hamna hoja ya falsafa, hamna mzaha, hamna vina wala mizani. Kuna ukuta, kuna madirisha, kuna mlango na paa. Na kwa kuwa vitu hivi vyaonekana kwa macho, watu hudhani kwamba mwenye kamusi nzuri hana la kuogopa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kamusi haitoshi, na kwamba tarjuma nyingi za maelezo hayo kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza zina kasoro moja iliyo mama wa nyingine zote: mfasiri ameisoma sentensi bila kulitazama jengo.

Msomaji aweza kuuliza jambo hili lahusu nini jarida la Kiswahili. Lahusu kwa njia mbili. Kwanza, ni suala la istilahi, na istilahi ni kazi yetu ya kila siku. Pili, majengo mengi ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga na Bagamoyo yaliandikwa habari zake kwa Kijerumani, na mara nyingi habari hizo hutufikia kwa kupitia Kiingereza. Nitarudi kwenye jambo hilo la pili mwishoni. Kwanza yafaa tuitazame kazi yenyewe huko iliko kwao.

Wajerumani wana desturi ya kuyaeleza majengo kwa ufupi wa ajabu. Kitabu kilichoithibitisha desturi hiyo ni mwongozo wa makumbusho ya sanaa na majengo ya Ujerumani uliotungwa na Georg Dehio, ambao juzuu zake 5 za kwanza zilitoka kati ya mwaka 1905 na 1912, na ambao hata leo huendelea kusahihishwa na kutolewa upya. Kwa watu wa fani hiyo jina la mtu limekwisha kuwa jina la kitu: husema tu “Dehio”, kama sisi tusemavyo “Johnson” tukikusudia kamusi. Katika mwongozo huo kanisa zima laweza kumalizwa kwa mistari michache. Vitenzi vimeachwa nje, majina yameunganishwa mawili mawili na matatu matatu, na sifa zimerundikwa mbele ya jina. Ni mtindo wa simu ya maandishi, ambayo kila neno lake hulipiwa.

Nitatunga sentensi moja kwa mfano huo, isiyo ya kitabu chochote, ili tuwe na kitu cha kukishika mkononi: “Zweigeschossiger, siebenachsiger Putzbau auf hohem Sockel, traufständig, übergiebelter Mittelrisalit, durch Kolossalpilaster gegliedert.” Mwenye kamusi peke yake atatoa Kiingereza cha namna hii: “Two-storey, seven-axis plaster building on a high socket, eaves-standing; over-gabled middle risalit, membered by colossal pilasters.” Hapana Mwingereza aliyepata kusema hivyo, wala hapana mwashi wa Kiingereza awezaye kujenga kwa maneno hayo. Lakini kosa la tarjuma hiyo si kwamba yasikika vibaya tu. Karibu kila neno lake limekosa kitu ambacho neno la Kijerumani lilikuwa nacho, na kila mara limekikosa kwa sababu tofauti.

Tuanze na yaliyo mepesi. “Sockel” ni sehemu ya chini ya ukuta, iliyotokeza kidogo, ambayo jengo lasimama juu yake. Kiingereza huiita “plinth”. “Socket” ni neno lililofanana nalo kwa sauti tu, na maana yake ni tundu la kuchomekea kitu. “Putz” ni lipu. Kwa Kiswahili lipu ni lipu, iwe ya ndani au ya nje. Kijerumani nacho hakibagui. Kiingereza cha waashi chabagua: ya ndani ni “plaster”, ya nje ni “render”, na ile laini ya nje ya kuigiza mawe ni “stucco”. Kwa hiyo mfasiri, akifika kwenye neno moja la herufi nne, analazimishwa kuchagua moja katika matatu, na sentensi aliyo nayo haimwambii achague lipi.

Ugumu huo huo, na mkubwa zaidi, umo katika “Giebel”. Mjerumani hulitumia neno hili kwa ile pembe ya ukuta inayopanda hadi chini ya mgongo wa paa katika nyumba ya mkulima, na hulitumia vile vile kwa ile pembetatu ya mapambo iliyo juu ya nguzo za hekalu la Kiyunani. Mwingereza anayo maneno mawili, “gable” kwa la kwanza na “pediment” kwa la pili, na akiyachanganya huchekwa. Katika sentensi yangu neno “Kolossalpilaster” latuokoa, kwa kuwa pilasta, yaani nguzo bapa iliyobandikwa ukutani, ni jamaa ya mtindo wa Kiyunani na Kirumi. Basi hapo pembetatu ni “pediment”. Lakini mara ngapi sentensi haina neno la kuokoa! Katika karne ya 16 na ya 17 majengo ya Ujerumani yalikuwa na “Giebel” ambazo ni pembe za paa kwa umbo na mapambo ya Kirumi kwa mavazi, na hapo mfasiri asiyekuwa na picha mbele yake anabahatisha.

Neno “traufständig” ni tamu kwangu kwa sababu lugha yetu inaliweza kuliko Kiingereza. Mjerumani huzigawa nyumba za mtaani mafungu mawili: zile ambazo upenu wake waelekea barabarani, na zile ambazo pembe ya paa ndiyo yaelekea barabarani, ambazo huziita “giebelständig”. Katika miji mingi ya Ujerumani tofauti hii ndiyo sura ya mtaa mzima. Kiingereza kwa fungu la pili kinasema “gable-fronted”, lakini kwa la kwanza hakina neno la kawaida. Mfasiri sharti azunguke, aseme nyumba imeelekeza upenu wake mtaani. Waswahili wa pwani walipoezeka makuti walikuwa na kipaa kwa mteremko wa mbele au wa nyuma, na kisusi kwa ule wa ubavuni. Nyumba iliyogeuza kipaa mtaani na nyumba iliyogeuza kisusi mtaani: maneno haya mawili yatosha, na fundi yeyote mzee angeelewa.

Sasa tufike kwenye neno ambalo kwangu ndilo kipimo cha mfasiri, nalo ni “Achse”. Mjerumani husema uso wa jengo una “Achsen” 7. Akilini mwake amepitisha mistari ya wima, kila mmoja katikati ya dirisha la chini na la juu yake, akaihesabu mistari. Mwingereza husema uso huo huo una “bays” 7. Yeye hahesabu mistari bali nafasi, yaani vipande vya ukuta vilivyo baina ya nguzo na nguzo au ambavyo kila kimoja kimebeba dirisha lake. Hesabu kwa kawaida huwa moja, na kwa hiyo wafasiri wenye uzoefu wamekubaliana kwamba “Achse” ni “bay”, na “axis” ni alama ya mfasiri mchanga. Kanuni hiyo ni njema kwa siku tisa katika kumi. Siku ya kumi huangusha.

Mfano ulio wazi ni Bauakademie ya Berlin, shule ya ujenzi iliyobuniwa na Karl Friedrich Schinkel na kujengwa kati ya mwaka 1832 na 1836. Lilikuwa jengo la mraba la matofali mekundu, lenye mistari ya mlalo ya matofali yaliyong’arishwa, na vibao vya udongo wa kuchoma vilivyochongwa sanamu kuzunguka milango na madirisha. Kila upande wake ulikuwa na “Achsen” 8. Hesabu hii si jambo dogo. Katika majengo ya heshima ya Ulaya hesabu ya kawaida ni ya witri, 5 au 7 au 9 na zaidi, ili katikati pawe na mlango mmoja. Schinkel alipochagua shufwa, katikati ya ukuta pakawa na nguzo, na milango mikuu ikawa 2, ubavu kwa ubavu. Ndiyo sababu jengo hilo, lisilokuwa na nguzo za Kiyunani mbele yake, liliwashangaza watu wa zama zake.

Basi mwandishi wa Kijerumani asemapo habari ya “Mittelachse” ya uso huo, amekusudia mstari wa katikati, ule upitao katika nguzo iliyo baina ya milango 2. Mfasiri aliyeshika kanuni yake bila kulitazama jengo ataandika “the central bay”, na kwa maneno hayo atakuwa amekiumba kitu ambacho hakikuwapo: ukuta wa nafasi 8 hauna nafasi ya katikati. Hapo ni “axis”, lile neno la mfasiri mchanga, ndilo lililo sahihi. Kwa Kijerumani neno moja labeba mstari wa dirisha na mstari wa ulinganifu wa jengo zima, na mwandishi huteleza kutoka maana moja hadi nyingine bila hata kujua. Kiingereza hakimruhusu mfasiri kuteleza naye.

Mtu aweza kusema haya ni mabishano ya walimu. Sidhani. Jengo la Schinkel liliunguzwa na vita mwaka 1945, na mabaki yake yakabomolewa mwaka 1962. Mwaka 2016 bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha za kulijenga upya, na tangu hapo hoja ya namna ya kulijenga imekuwa ya mataifa, yenye kuandikwa na kusomwa kwa Kiingereza kama kwa Kijerumani. Jengo lililo hai lamsahihisha mfasiri: msomaji akitilia shaka huenda akatazama. Jengo lililobomolewa halina ulimi ila picha, michoro na maneno. Hapo kosa la mfasiri huacha kuwa kosa la lugha, likawa kosa la ukuta.

Jengo hilo hilo latupa neno jingine la kuonya. Madirisha yake yalifunikwa kwa matao mapana yasiyo ya nusu duara, ambayo Mjerumani huyaita “Stichbogen”. “Stich” katika kamusi ni mchomo, ni mshono wa sindano, ni mwumo wa nyuki, ni picha iliyochorwa kwa kukata shaba. Kwa waashi ni kimo cha tao, kutoka usawa wa miguu yake hadi kileleni. Kiingereza huliita tao hilo “segmental arch”, kwa kuwa ni kipande cha duara, na neno lake halina uhusiano wowote na mchomo wala mshono. Kadhalika “gekuppelte Fenster” ni madirisha yaliyounganishwa mawili mawili. Lakini kwa sababu “Kuppel” ni kuba, wako waliowahi kuyavika madirisha hayo makuba ambayo fundi hakuyajenga.

Yenye kuchekesha kuliko yote ni habari ya mbilikimo. Juu ya kuta za kanisa kuu la Speyer kuna ushoroba mdogo wa matao uendao chini ya paa, nao kwa Kijerumani ni “Zwerggalerie”. “Zwerg” ni mbilikimo, na Kiingereza nacho husema “dwarf gallery”. Tarjuma ya neno kwa neno hapa ni sawa kabisa. Mfasiri akiisha kujifunza hilo, akakutana na “Zwerchhaus”, yaani kile kijumba chenye paa lake kinachosimama juu ya ukuta wa mbele na kulikata paa kuu, huandika “dwarf house”. Lakini “zwerch” si “Zwerg”. Ni neno la kale lenye maana ya kukingama, na paa la kijumba hicho limeitwa hivyo kwa kuwa limekingama na paa kubwa. Masikio ya Wajerumani wenyewe huyachanganya. Sembuse ya mgeni.

Juu ya hesabu ya ghorofa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa Waswahili wanaijua taabu hii. Ukisema “nyumba ya ghorofa mbili”, wasikilizaji wako watagawanyika: wako watakaohesabu na chini, na wako watakaohesabu zilizo juu tu. Kijerumani kina ugonjwa huo huo katika “zweistöckig”, na kwa sababu hiyo waandishi waangalifu hupendelea “zweigeschossig”, ambalo huhesabu na chini. Kiingereza cha Uingereza ni salama kwa “storey”, lakini kikifika kwenye “first floor” huwa na maana moja London na nyingine Chicago. Mfasiri ajue kwanza anamwandikia nani. Asiyejua hilo aweza kulipunguza au kulizidisha jumba la mfalme kwa sakafu nzima bila kutaja tarakimu hata moja isiyo sahihi.

Hadi hapa tumesema juu ya majina. Umbo la sentensi ni suala zito zaidi. Kijerumani chaweza kuweka mbele ya jina mzigo mrefu wa sifa za kutendwa: kwanza wasikia habari za pilasta, kisha za pembetatu iliyoutawaza ukuta, kisha za nakshi, na mwisho kabisa ndipo latajwa neno “uso” ambalo hayo yote ni yake. Msomaji anashikilia mapambo hewani, akingojea ukuta wa kuyatundika. Kiingereza hakiwezi hivyo, nacho Kiswahili hakiwezi: jina kwetu hutangulia, na sifa hufuata zikivaa ngeli yake. Wako wasemao kwamba mfasiri akiugeuza mpangilio huo amebadilisha njia ya jicho. Ni kweli. Lakini simlaumu. Mpangilio wa Kijerumani ni sheria ya sarufi kabla ya kuwa uchaguzi wa mwandishi. Mjerumani hauhisi uzito wake kama sisi tusivyohisi uzito wa ngeli. Jambo la kuhifadhi ni pale mwandishi aliposimama: je, atoka chini kwenda juu, au katikati kwenda pembeni? Mwandishi mzuri wa Kijerumani huwa na safari yake, na safari hiyo yaweza kuhifadhiwa kwa Kiingereza kwa sentensi fupi fupi zinazofuatana. Mfasiri anayelazimisha mzigo wote uingie katika sentensi moja ya Kiingereza huipoteza safari kwa ajili ya kuokoa nukta.

Na kiko kitenzi kimoja ambacho kimeingia katika Kiingereza kama mgeni asiyetaka kuondoka, nacho ni “gegliedert”. Mzizi wake ni “Glied”, kiungo cha mwili, mkono au mguu. Kusema kwamba ukuta umekuwa “gegliedert” kwa pilasta ni kusema kwamba umepewa viungo. Kiingereza kimejibu kwa “articulated”, ambalo asili yake ya Kilatini ni maungio ya mifupa. Kwa hiyo si jibu baya, ijapokuwa Mjerumani aliona mkono na Mwingereza akaona kiwiko. Ubaya ni wingi wake. Katika Kijerumani ni neno la kila siku, ambalo mara nyingi halina maana zaidi ya “kugawanywa”. Katika Kiingereza lina sauti ya chuo. Tarjuma inayolirudia katika kila aya inamfanya mwandishi mnyenyekevu aonekane mwenye majivuno. Ningetaka mfasiri aseme “divided” pale ukuta ulipogawanywa tu, aiweke akiba ile “articulated” kwa jengo ambalo viungo vyake kweli vyaonekana kubeba uzito.

Tumtazame sasa mwandishi ambaye tarjuma yake ilikuwa na mtihani mgumu kuliko wote. Gottfried Semper, aliyekuwa mkimbizi London baada ya fujo za mwaka 1849 huko Dresden, na ambaye alitoa mihadhara yake huko kwa Kiingereza, alijenga nadharia nzima juu ya maneno mawili ya Kijerumani: “Wand”, ukuta, na “Gewand”, vazi. Kwake yeye ukuta wa kwanza wa binadamu ulikuwa mkeka uliotundikwa, na ukuta wa mawe ulikuja baadaye kuushikilia mkeka huo. Uso wa jengo, basi, ni nguo. Wanaisimu wa leo huyapitisha maneno hayo njia mbili, moja kwa kitenzi cha kusokota na nyingine kwa kitenzi cha kugeuza, ingawa vitenzi hivyo viwili ni ndugu kwa asili. Kwa hiyo Semper hakukosea sana. Zaidi ya hayo Kijerumani kina “Mauer”, ukuta wa mawe au matofali, ambao si “Wand”. Kiingereza kina “wall” tu, neno lililotoka katika Kilatini cha boma la vita, lisilo na harufu yoyote ya nguo.

Kitabu chake kikubwa juu ya mtindo, cha mwaka 1860 hadi 1863, kilingoja hadi mwaka 2004 kupata tarjuma kamili ya Kiingereza, kazi ya Harry Francis Mallgrave na Michael Robinson. Mallgrave alikwisha kuchagua zamani kulitia neno “Bekleidung” kuwa “dressing”. Nausifu uchaguzi huo. Angaliweza kusema “cladding”, neno ambalo waashi wa leo wanalijua, na wote wangalielewa. Lakini wangalielewa mabamba yaliyopigwa misumari, nayo si mawazo ya Semper. “Dressing” huvaa maana mbili, ya nguo na ya jiwe lililochongwa likasawazishwa, na kwa hiyo Kiingereza kililipwa mahali pamoja kile kilichoibiwa mahali pengine. Huo ndio ufundi: mchezo wa “Wand” na “Gewand” haukuweza kuokolewa palepale, lakini uliokolewa hatua chache mbele. Mswahili amwelewa Semper bila mchezo wowote wa maneno, kwani kiambaza cha makuti au cha mkeka amekiona.

Kinyume cha hayo ni habari ya “malerisch” katika kitabu cha Heinrich Wölfflin cha mwaka 1915. Neno hilo kwa mtu wa kawaida ni “yenye kupendeza kama picha”, na mwongozo wa watalii usemapo nyuso za nyumba ni “malerisch” hauna maana nyingine. Kwa Wölfflin ni istilahi: namna ya kuona kwa mafungu ya mwanga na kivuli badala ya kuona kwa mistari. Tarjuma ya mwaka 1932 ililitia kuwa “painterly”, ikaliacha “picturesque”, ambalo kwa Waingereza lilikwisha kuwa na historia yake ya bustani na magofu. Uamuzi huo uliwafaa wanachuo. Lakini umezaa wafasiri ambao hata katika karatasi ya hoteli ya kijijini huandika kwamba uso wa nyumba ni “painterly”, na mgeni hubaki akitafuta mchoraji.

Ajabu ni kwamba aliyeyafanya maelezo ya Kijerumani kuwa Kiingereza safi hakuwa mfasiri. Nikolaus Pevsner, mzaliwa wa Leipzig wa mwaka 1902, aliyenyimwa kazi ya kufundisha Göttingen kwa ajili ya sheria za Wanazi juu ya Wayahudi, alihamia Uingereza katika miaka hiyo ya 1930, akashangaa kuona nchi yenye makanisa mengi namna ile haina Dehio wake. Akaiandikia. Juzuu 46 za majengo ya Uingereza zilitoka kati ya mwaka 1951 na 1974, nyingi zikiwa kazi ya mkono wake, na ndani yake mna sentensi zisizo na vitenzi, hesabu ya nafasi na sakafu, na hukumu ya neno moja mwishoni. Wako Waingereza waliochukizwa, na mshairi John Betjeman alikuwa mmoja wao. Waliona jengo limepimwa kama maiti. Sikubaliani nao. Pevsner alisafiri mwenyewe, akasimama mbele ya kila ukuta, akauandika jioni ile ile. Hakuwa na neno la Kijerumani la kutafsiri, alikuwa na ukuta wa kuueleza. Na kwa hiyo alipohitaji “Achse” aliandika “bay” kwa sababu aliiona nafasi hiyo mbele yake. Katika miaka yangu ya masomo Ujerumani niliwaona wafasiri wa vitini vya makumbusho wakifanya kazi na juzuu moja ya Pevsner mezani kando ya kamusi, na kazi yao ilijulikana mara moja kwa uzuri wake.

Turudi sasa pwani kwetu. Wajerumani waliotawala Tanganyika waliandika juu ya majengo waliyoyajenga, na juu ya yale waliyoyakuta, kama nyumba za mawe ya matumbawe za zama za Sultani Majid pale Dar es Salaam. Waliandika kwa masikio yao: “Sansibar”, kwa kuwa kwao herufi s mbele ya irabu husomeka kama z yetu. Baraza nayo kwa kalamu yao ni “Barasa”, na mfasiri wa Kiingereza asiyejua Kiswahili huiacha hivyo, akidhani ni istilahi ya Kijerumani ya ujenzi, au huigeuza “veranda”, ingawa jiwe la kukalia wageni lililoungana na ukuta wa mbele si veranda.

Lililo baya kuliko hilo ni neno “Boma”. Wajerumani walilichukua kwetu, wakalipa jinsi ya kike, wakalitumia kwa kituo cha utawala kilichozungushiwa ukuta. Kwa Kiingereza mfasiri huandika “fort”. Kisha mwanafunzi wetu hupewa Kiingereza hicho akitie katika Kiswahili, naye kwa unyofu huandika “ngome”. Neno lililoondoka hapa likiwa boma limerudi likiwa ngome, na jengo la karani na hakimu limekuwa jengo la mizinga. Mwanafunzi hana kosa. Amefasiri sawasawa kile alichopewa. Anayempa kazi hiyo ndiye apaswaye kumpa na maandishi ya Kijerumani, na kama jengo lingali limesimama, nauli ya kwenda kulitazama.